Sista, sema ni njiti: namna ya kujibu unapoombwa uongo wa heri

"Sista, mavyaa wangu akiuliza, sema ni njiti."

Aliniambia hivyo amenishika kifundo cha mkono, bado yuko kitandani leba, jasho halijamkauka. Ndoa yake ilikuwa na miezi saba. Mtoto nilikuwa nimeshampima: kilo 3.4. Alilia mpaka wodi ya pili wakasikia. Mtoto wa miezi saba ana kilo moja na nusu hivi, ngozi unaona mishipa kwa ndani, mgongo umejaa vinyweleo vya malaika, nyayo laini hazina hata mkunjo mmoja. Huyu nyayo zake zilikunjamana kama za mtu aliyekwisha kutembea. Hata kipofu angempakata asingemwita njiti. Na nje kwenye benchi alikuwa amekaa mavyaa mwenyewe, kitenge kipya, chupa ya uji wa pilipili manga mapajani, akihesabu miezi kwa vidole.

Nilitoka, nikamwamkia shikamoo, akaitika. Akauliza kama nilivyotegemea: "Sista, mtoto katimiza?" Nikamjibu: "Bibi, mjukuu mzima, mama mzima, wala hakushonwa. Mengine ya tumbo lile aulizwe mwenye tumbo." Akanitazama kitambo, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akasema "Haya," akanipa chupa ya uji niipeleke ndani. Mimi naamini alijua tangu siku ya harusi.

Nimezalisha hapa Tanga miaka 34, nikastaafu 2017. Nakaa Mikanjuni, nafuga kuku, nasali Anglikana. Mume wangu ni Mlutheri wa Lushoto, kwa hiyo hata mezani kwangu mjadala wa dini haukosi. Tangu nistaafu, akina mama wa kanisani wananiletea swali moja kwa sura nyingi: Mkristo anaruhusiwa kudanganya kama ni kwa wema? Wanataka ndiyo au hapana. Nimegundua swali hilo likiulizwa kavu hivyo halimsaidii mtu, maana anayeuliza ama ameshadanganya, ama anakwenda kudanganya mchana huohuo. Anachohitaji ni kujua afanye nini mlango ukigongwa. Basi naandika nilivyojifunza kufanya, na pale niliposhindwa.

Jibu langu kwa ufupi, ili usisome ukidhani nakuficha: leseni ya kudanganya sijaiona popote katika Biblia. Watu waliodanganya na Mungu akawatendea mema, hao nimewaona. Na mimi mwenyewe nilidanganya usiku mmoja, nikaokoa mtu, na nitakueleza kwa nini sijisifu.

Kufunika na kudanganya ni vitu viwili

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyolelewa pwani. Watu wengi wanadhani methali hiyo inaruhusu uongo. Itazame tena. Aliyefunika kombe hakusema ni tupu. Hakusema ndani kuna wali wakati kuna samaki. Amefunika, basi, na mpita njia apite.

Nabii Yeremia alifanya hivyo. Soma sura ya 38. Mfalme Sedekia alizungumza naye kwa siri, kisha akamwambia: wakuu wakikuuliza, waambie ulikuwa unaniomba nisikurudishe katika nyumba ya Yonathani. Wakuu wakaja wakamwuliza, naye akawajibu hivyohivyo, wakamwacha. Ombi hilo alikuwa ameliomba kweli, liko sura ya 37. Mengine yote waliyozungumza akayafunika, wala hakuna mahali anapokemewa kwa hilo. Wakatoliki wameliandika wazi katika Katekisimu yao, ibara ya 2489, kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Sisi wa hospitali tuliliita siri ya mgonjwa, na kwa upande wa VVU liko hata katika sheria ya nchi ya mwaka 2008.

Kwa nini basi watu wema wanadanganya ilhali wangeweza kufunika tu? Nimewatazama miaka mingi. Wanadanganya kwa sababu hawana sentensi. Swali linakuja ghafla, mdomo uko tupu, na uongo ndio kitu cha kwanza kuokotwa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutengeneza sentensi zako leo, kabla hujaulizwa, na kuzisema kwa sauti ukiwa peke yako jikoni mpaka zisikwame kooni. Zangu zilikuwa "Hilo si langu kulisema," na "Muulize mwenyewe," na kwa watu wa karibu, "Nimeombwa nisiseme, naomba usinilazimishe." Hii ya mwisho inakubali kwamba kuna jambo, kwa hiyo usiitumie pale ambapo kujua tu kwamba kuna jambo kunatosha kumwangamiza mtu. Na ukiisema, mtazame usoni. Sentensi ya kweli iliyosemwa huku macho yamekimbilia dirishani inasikika kama uongo, na mwulizaji atakwenda kutafuta jibu kwingine.

Ila kuna mtego. Mama mmoja niliyemhudumia kliniki alikuwa anameza dawa za kufubaza makali ya VVU, na ndani ya mfuko huohuo alikuwa na kidonge kimoja cha presha. Wifi yake akimwuliza, anajibu "za presha hizi," huku akishika kile kimoja. Akaniuliza: si nimesema kweli? Nikamwambia hapana mwanangu, umemjengea wifi yako nyumba ya uongo kwa tofali moja la kweli. Tukatafuta sentensi nyingine: "Ni dawa zangu, daktari kaniandikia." Aliitumia mpaka mtoto alipoacha kunyonya, na wifi hakuuliza tena, kwa sababu sentensi hiyo haina ndoano ya kuning'iniza swali la pili. Uongo unazo ndoano tele. Ukisema presha, kesho utaulizwa mbona unakula chumvi.

Na wakati mwingine unaogopa ukweli bure, kumbe hujaujua vizuri. Alikuja binti mwingine, naye analia, ndoa ina miezi minane na siku kadhaa, mume ameanza kununa. Naye alitaka nimwandikie njiti. Nikamkalisha mume na kadi ya kliniki. Sisi tunahesabu wiki kuanzia hedhi ya mwisho, si kuanzia mimba ilipoingia, kwa hiyo wiki mbili za kwanza kwenye kadi mimba haijakuwepo. Na wiki 37 za kadi mtoto anahesabiwa ametimia. Toa mbili, zinabaki 35, gawanya mwenyewe: ni miezi minane. Mume alihesabu mara tatu kwenye kalenda ya ukutani, akaenda kununua kuku. Kama ningesema njiti, angemwona mtoto alivyonona na shaka isingekwisha mpaka leo.

Uliza shingo iliyoko kwenye kamba ni ya nani

Sasa wale wakunga wenzangu, Shifra na Pua, Kutoka sura ya 1. Farao kaagiza watoto wa kiume wa Kiebrania wauawe wakizaliwa. Wao wakawaacha hai. Walipoitwa wakasema wanawake wa Kiebrania si kama wa Kimisri, ni hodari, huzaa kabla mkunga hajafika. Kila mtu kanisani anaishika aya hii kama kibali. Mimi kama mwenye kazi hiyo naomba niseme neno. Wako wanawake wa namna hiyo. Mama wa uzazi wa tano au wa sita anaweza kukuzalia njiani, ndani ya daladala, wewe ukabaki kukata kitovu tu. Lakini wanawake wa taifa zima, kila siku, kabla mkunga hajafika? Pana kweli ndani ya jibu lile na pana chumvi nyingi juu yake. Na Biblia yenyewe inasema Mungu aliwafanyizia nyumba kwa sababu walimcha. Haisemi kwa sababu ya yale waliyomwambia Farao. Rahabu wa Yeriko, aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, hali kadhalika. Waebrania 11 inamsifu kwa kuwapokea wapelelezi kwa amani, Yakobo 2 kwa kuwapokea na kuwatoa kwa njia nyingine. Maneno aliyowaambia watu wa mfalme pale mlangoni, hakuna anayeyasifu wala kuyalaani.

Kilichonigusa mimi ni kingine. Wakunga wale walisimama mbele ya Farao na vichwa vyao wenyewe. Rahabu angekamatwa, angekufa yeye. Kisha mtazame Ibrahimu anapowaambia Wamisri Sara ni dada yake. Anaogopa asiuawe, na anayechukuliwa kupelekwa nyumbani kwa Farao ni Sara. Mtazame Daudi kule Nobu, anamdanganya kuhani Ahimeleki kwamba mfalme kamtuma kazi ya siri, anapewa mikate na upanga. Ilikuwa njaa ya kweli na hatari ya kweli. Lakini Doegi Mwedomi, mtumishi wa mfalme Sauli, alikuwa pale anaona, akaenda kumwambia Sauli, na mwisho wake makuhani 85 waliuawa siku moja kwa sababu ya jambo ambalo hawakulijua. Daudi hakutafuta maneno. Alimwambia Abiathari, mtoto wa Ahimeleki, kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Basi unapoona uongo wa heri unakujia mdomoni, simama uulize: huu ukigeuka, utamwangukia nani? Kama ni mimi, endelea kufikiri. Kama ni mtoto, mke, mwenzangu wa kazini au mtu nisiyemjua, funga mdomo. Mama anayemwambia mwanawe wa miaka sita "nenda kamwambie mama hayupo" kwa sababu mdai wa mkopo wa kausha damu yuko mlangoni, huyo amemweka mtoto mbele na yeye amejificha chumbani kama Ibrahimu. Toka mwenyewe umwambie leo sina, njoo Ijumaa.

Mume wangu hapendi nikimtaja Martin Luther hapa, lakini nitamtaja. Mwaka 1540 Philip wa Hesse, mtawala aliyeunga mkono Matengenezo, alioa mke wa pili mke wa kwanza yupo hai, na Luther alikuwa amemshauri kwamba jambo hilo linaweza kufanyika kwa siri. Siri ilipovuja, Luther akatetea kusema uongo mzito kwa faida ya kanisa. Kanisa halikupata faida yoyote, liliaibika. Tena pima kwa kipimo changu: shingo iliyookolewa ilikuwa ya mtawala na ya washauri wake, na waliokuwa wadanganywe ni waumini. Mume wangu husema Luther alikuwa mtu tu. Nami husema ndiyo, na ndiyo maana nimemtaja.

Mtu mwenye panga getini

Mwaka 2006, zamu ya usiku, kama saa nane. Jioni tulikuwa tumempokea mama mwenye mimba ya miezi minane, kichwa kimepasuliwa na mumewe, tumemshona, tumemlaza kitanda cha ndani kabisa. Mume akaja na baiskeli, panga limefungwa kwenye keria kwa mpira. Mlinzi wetu alikuwa mzee mwenye rungu na kikohozi. Nikatoka mimi.

"Mke wangu yumo humu?"

"Hayumo."

Mpaka hapo nakiri nilidanganya, na ukiniuliza leo nitakwambia sioni kama ningeweza kusimama pale nikisema "hilo si langu kulisema." Angepita. Lakini sikuishia hapo. Hofu ilinitia maneno, nikaongeza: "Kapelekwa Muheza na gari la wagonjwa." Akageuza baiskeli. Nikasimama nimejishika kifua, nikamshukuru Mungu, na ndipo akili ikanirudia: nimempeleka mtu mwenye panga kwa wauguzi wa Muheza. Kilomita thelathini na kitu si mbali kwa mwanamume mwenye hasira. Nilikimbilia simu ya ofisini, nikapiga mpaka ikapokelewa, nikawaambia wafunge lango. Hakufika kule. Hata hivyo nilikaa wiki nzima nikimfikiria Ahimeleki na mikate yake.

Kwa hiyo la kwanza: ukibanwa kabisa, kati ya uongo na damu, sema neno dogo kuliko yote na unyamaze. Usiupambe. Kila pambo ni mtu mwingine unayemwingiza hatarini.

La pili ndilo kubwa, nalo tulilifanya baadaye. Nilikwenda kwa aliyekuwa msimamizi wetu, tukakubaliana kanuni: usiku, pale getini, hakuna mgonjwa anayetajwa kwa mtu yeyote, awe yumo, asiwe yumo. Ndugu wa kweli waje na jina kwa mapokezi asubuhi. Sikiliza kwa nini ilifaa. Ukinyamaza siku ile tu ambayo mtu amejificha kwako, ukimya wako umeshamtaja. Lakini kama umezoea kusema "hatutaji" hata siku ambazo wodi iko tupu, maneno hayo hayamwambii mtu kitu. Kanuni ilikuwa usumbufu, baba wazuri walituchukia, mmoja alinitukana na mke wake hakuwa hata amelazwa kwetu. Lakini tangu hapo sikulazimika tena kusema hayumo.

Fanya hivyo nyumbani. Kama unajua siku moja mtoto wa dada yako atakimbilia kwako kumkimbia mume, anza leo kuwa mtu asiyetaja nani analala nyumbani kwake. Shemeji akiuliza kwa wema, mjibu vilevile. Na siku ikifika, usibaki na siri peke yako, mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, huko kuna watu wa kumwandikia maelezo.

Augustino, yule askofu Mwafrika wa Hippo, aliandika vitabu viwili vizima kuhusu uongo, cha kwanza karibu mwaka 395 na cha pili karibu 420, na hakuruhusu hata mmoja. Anasimulia habari za Firmus, askofu wa Thagaste, mji ambao leo uko Aljeria. Maofisa wa mfalme walimtaka mtu aliyekuwa amemficha. Firmus akasema hawezi kudanganya wala hawezi kumtoa. Wakamtesa, hakusema. Mwisho akafikishwa kwa mfalme mwenyewe, na mfalme akamsamehe yule mtu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Firmus alitoa mwili wake mwenyewe. Mimi kitanda cha ndani nilikuwa na mama wa watu na mtoto tumboni, na mimi mwenyewe sikuwa na ujasiri ule. Namheshimu Firmus, wala sitamwambia muuguzi wa zamu ya usiku kwamba asipofanya kama yeye amepotea.

Jirani yangu Mwislamu, tunayegawana ukuta, nilimsimulia kisa hiki tukichambua mchele. Akasema kwao Mtume alitaja mahali patatu: vitani, kupatanisha waliogombana, na maneno ya mume na mke. "Nyie wenzetu mna pangapi?" Nikamwambia sisi hatuna hesabu, tuna ugomvi tu. Alicheka mpaka ungo ukamwagika.

Uongo kwa ajili ya Mungu

Hapa sina hadithi ndefu wala huruma. Ushuhuda ulioongezwa chumvi, idadi ya yatima iliyokuzwa kwenye barua ya kuomba msaada, uponyaji uliotangazwa kabla ya kipimo: usifanye, usipige makofi, usitafsiri, usisambaze. Ayubu aliwauliza rafiki zake, sura ya 13, kama watamsemea Mungu kwa udanganyifu. Walikuwa wanamtetea Mungu, na Mungu ndiye aliyewakasirikia.

Nimeona mama aliyeambiwa kwenye mkutano amepona, akasimama akashuhudia, akaacha dawa za kufubaza akiwa na mimba ya miezi mitano ili ushuhuda usiharibike. Alirudi kwetu akiwa amekwisha. Ukiombwa useme "amina, kapona," sentensi yako ni hii: "Namshukuru Mungu ulivyo leo, na dawa usiache mpaka kipimo kiseme." Iseme mbele ya watu kama ilibidi, hata kiongozi akikukunjia uso.

Ukishadanganya

Utadanganya. Usikae nao. Uongo wa kumwokoa mtu na panga huendi kuusahihisha kwa mwenye panga, huo unaupeleka kwa Mungu tu. Mimi nilisubiri Jumapili, na tulipofika kwenye maungamo, pale tunaposema kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, kwenye maneno nikataja Muheza moyoni. Sikumwambia Mungu kwamba ulikuwa uongo mzuri. Nilimwambia ni uongo, na kwamba yule mama amejifungua salama, na yeye anajua kupanga hayo mawili kuliko mimi.

Uongo mwingine wote, wa kumridhisha mtu au kukwepa aibu, rudi kwa uliyemwambia, mapema, kwa maneno machache: "Jana nilikwambia hivi, haikuwa hivyo, nisamehe." Usianze kueleza nia yako njema. Maelezo marefu ya nia njema ni uongo wa pili unaotengenezwa. Hiyo ya kusema "nimefika Mabanda ya Papa" na bado unavaa viatu nyumbani, nayo imo, msinitazame hivyo.

Habari ya msiba

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo inayotokea kila nyumba, na ndiyo ambayo hata wachungaji wanadanganya bila kugutuka.

Machi 1999 nilikuwa Dodoma kwenye mafunzo ya miezi mitatu. Simu ikapigwa ofisini, nikaitwa. Kaka yangu: "Mama kazidiwa kidogo, anakuulizia, njoo." Anakuulizia. Mama yangu alikuwa anapenda zabibu, na kwetu Muheza ni machungwa tu. Nikanunua kilo mbili sokoni, nikazipakata ndani ya kikapu kutoka Dodoma mpaka Morogoro, Chalinze, Segera, siku nzima, nikiwafukuza watoto wa watu wasizikalie. Nilipokata kona ya nyumbani nikaona turubai, mabenchi, wanaume wamevaa kofia wamekaa kimya. Mama alikuwa amefariki siku moja kabla ya simu. Zabibu sikumbuki nani alizichukua. Nakumbuka kwamba kwa saa kumi na mbili mimi peke yangu katika ukoo mzima nilikuwa na mama.

Simlaumu kaka. Alihofia nisianguke njiani, na hofu hiyo ni ya haki, watu wanaanguka. Augustino naye aliuona ugumu huu, alimtaja baba mgonjwa anayeuliza habari za mwanawe ambaye amekufa, na akakiri jinsi moyo unavyouma kumjibu. Lakini hofu ya kuanguka njiani dawa yake ni mtu wa kukushika, na hapo ndipo tunapokosea. Tunatuma uongo kwa sababu ni nafuu kuliko kumtuma mtu.

Fanya hivi. Kabla hujampigia mfiwa, mpigie mtu aliye karibu naye: jirani, mwenzake wa kazini, mzee wa kanisa wa huko aliko. Mwambie habari yote, mwombe aende mpaka mlangoni, akifika akupigie. Ndipo wewe upige. Usipige akiwa barabarani au na mtoto mgongoni, uliza kwanza: uko wapi, umekaa? Usiseme kazidiwa, usiseme anakuulizia. Sema "nina habari nzito ya nyumbani." Atajua. Karibu wote wanajua hapohapo, na watakuuliza neno lenyewe. Hapo usigeuke, kwa maana hilo ndilo swali ambalo mwenyewe ana haki nalo kuliko mtu yeyote duniani. Jibu, kisha nyamaza, usijaze ukimya kwa mapenzi ya Mungu. Akilia, mwache alie simu ikiwa wazi. Nauli, basi la saa ngapi, nani anashika watoto, hayo mwachie yule aliyeko pale.

Na mgonjwa aliyelazwa, kama yule baba wa Augustino? Muulize daktari kama mwili unaweza kubeba. Kama bado, watu wasiende kumtazama na nyuso za kuigiza, aende mmoja anayejua kufunika. Akiuliza, "Tuzungumze habari yako kwanza, za nyumbani nitakueleza zote." Halafu umweleze kweli, siku hiyo ikifika, usimwachie aokote kwa mpita njia.

Mwaka jana alifariki mdogo wangu wa kiume hapa Tanga, na binti yake anafanya kazi Mwanza. Ndugu walikwisha kukubaliana ujumbe: baba kazidiwa, njoo. Nikawaomba simu. Nilitafuta mtu wa kanisani kwao huko, ikachukua karibu saa mbili, watu wamekasirika, wananiambia shangazi unachelewesha. Yule mtu aliponipigia kwamba yuko nje ya mlango wake, nikapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Uko wapi?"

"Nyumbani, napika. Kuna nini?"

"Zima jiko kwanza."

Nikasikia kitufe cha jiko la gesi. Akarudi kwenye simu, sauti imeshabadilika.

"Shangazi. Baba kafa?"

"Ndiyo, mwanangu. Leo alfajiri. Kuna mtu mlangoni kwako, mfungulie."